Mimi Ni Nambari 17: Kuulizwa Sio Kusikizwa

Kuna ripoti imekaa kwa ofisi moja ya kaunti, na ndani yake mimi ni nambari 17. Jina langu liko hapo, nambari ya simu, na sahihi. Chini yangu ni mathe, nambari 18. Juu ya ukurasa wameandika kwa herufi kubwa kwamba hawa ndio wananchi walioshirikishwa. Kile tulichoshirikishwa ni mpango wa kupandisha ada ya kila siku ya vibanda vya soko letu kutoka shilingi 30 hadi 50.

Sasa shida ni hii. Siku hiyo mimi nilisimama nikapinga. Mathe alipinga, na yeye ni mtu ambaye hata kwa chama huwa anakaa nyuma kabisa. Mzee wa viatu alipinga. Mama wa omena alipinga mpaka akaambiwa apunguze sauti. Ndani ya ule ukumbi wa wadi sikuona mtu akiunga mkono isipokuwa wale waliokuja na projekta. Tukapewa soda na mandazi mbili mbili, tukaandika majina kwa kitabu, tukaenda zetu. Miezi mitatu baadaye ada ikapanda. Tulipoenda kuuliza, kijana mmoja wa ofisi, rika langu kabisa, akatuambia kwa upole, "Lakini mama, si mlishirikishwa?"

Nilikosa jibu. Mathe alinishika mkono tukatoka.

Wale mnanifuata mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kutosha, na huu ukurasa ndio chuo changu siku hizi. Kwa hivyo nilifanya kile huwa nafanya kitu kikiniuma. Nilienda kusoma. Nilitaka kujua watu wa zamani na watu wa mbali walikuwa wakiulizwaje mambo yao, na kama kuna mahali duniani ambapo nambari 17 akisema hapana, hiyo hapana inaenda mahali.

Nimerudi na jambo moja. Tumefundishwa shuleni kupanga serikali kwa majina: ufalme, udikteta, demokrasia ya moja kwa moja, demokrasia ya uwakilishi. Ukipita hayo majina ukaangalia mkutano wenyewe, unagundua mikutano miwili inaweza kufanana kama mapacha na moja iwe ni nguvu ya wananchi na nyingine iwe ni mchezo wa kuigiza. Acha nikuonyeshe.

Mti mmoja, mikutano miwili

Nikiwa chuo nilikaa chumba kimoja na Mborana kutoka Marsabit. Usiku stima ikipotea alikuwa ananipigia hadithi za kwao, na hapo ndipo nilisikia Gadaa mara ya kwanza. Nilidhani ni mambo ya ngoma na sherehe. Kumbe ni katiba.

Kwa mfumo wa Gadaa, jamii za Oromo, Waborana wakiwa ndani yao, hugawanya wanaume katika makundi yanayopanda ngazi pamoja. Kundi likifika ngazi ya uongozi, linaongoza kwa miaka 8. Mkubwa wao anaitwa Abba Gadaa. Miaka 8 ikiisha, anakabidhi kwa kundi linalofuata. Hakuna kuongeza muhula, hakuna kubadilisha sheria usiku ili ukae zaidi. Wakati wako umeisha, umekuwa mzee wa kushauri.

Lakini kitu kilichonishika ni mkutano wao mkubwa, Gumi Gaayo. Hufanyika mara moja kila miaka 8, upande wa Ethiopia kusini, na Waborana wa Kenya huvuka mpaka kwenda. Hapo sheria zinasomwa upya na mpya kutangazwa. Kesi zilizoshinda mabaraza ya chini zinaletwa. Na viongozi walio madarakani wanakaa hapo wakisikiliza, kwa sababu huo mkutano uko juu yao. Asmarom Legesse, mwanaanthropolojia wa Eritrea aliyetoa kitabu chake juu ya Gadaa mwaka wa 1973, aliueleza huu mfumo kwa undani mpaka watu wa vyuo vikuu wakaacha kufikiri kwamba Waafrika walijua machifu na wafalme pekee. Mwaka wa 2016 UNESCO iliuweka kwa orodha yake ya urithi wa binadamu.

Sitaki kukuuzia Afrika ya dhahabu hapa. Ngazi za Gadaa ni za wanaume. Mama wa omena hangekuwa Abba Gadaa hata angekuwa na akili ya watu kumi. Lakini weka hiyo picha kichwani: watu wamekaa chini, wazee wanaongea, kila mtu anangoja zamu, na kiongozi anajua kwamba maneno ya hapo yanaweza kumfunga.

Sasa shikilia picha hiyo hiyo tuhamie mkutano mwingine.

Neno baraza, kwa Waswahili wa pwani, ni ile benchi ya mawe iliyojengwa nje ya mlango wa nyumba. Ukienda Lamu leo utawakuta wazee wamekaa hapo jioni na kahawa, wakibishana. Mwingereza alipokuja alilichukua hilo neno na kulipa kazi nyingine. Mwaka wa 1902 kukawa na sheria ya kuteua wakubwa wa vijiji. Jamii nyingi za hapa, kama Wakikuyu na Wakamba, hazikuwa na chifu mmoja wa kuamuru kila mtu. Zilikuwa na mabaraza ya wazee. Serikali ya kikoloni ilihitaji mtu mmoja wa kuambiwa "leta kodi" na akaleta, kwa hivyo palipokosekana chifu, walimtengeneza.

Chifu huyo akawa anaita baraza. Watu wanakaa kwa nyasi, chini ya mti, wazee mbele. Bwana DC amekaa kwa kiti. Chifu anatangaza: kodi ya nyumba ni kiasi hiki, vijana wanahitajika kutengeneza barabara. Halafu inafika ile dakika ya kuuliza kama kuna maswali. Na maswali yalikuwako! Watu wetu hawakuwa mabubu. Ila swali lilikuwa linaanguka hapo kwa nyasi, kwa sababu mshahara wa chifu ulitoka juu, kazi yake ilitoka juu, na mtu pekee angeweza kumfukuza alikuwa amekaa pale kwa kiti.

Mti ni ule ule. Nyasi ni zile zile. Wazee wanaongea kwa zamu vile vile. Kama ungepiga picha kutoka mbali hungejua ipi ni Gumi Gaayo na ipi ni baraza la chifu. Tofauti iko kwa swali moja: anayekuuliza anamwogopa nani? Abba Gadaa anauogopa mkutano. Chifu anamwogopa DC.

Na hata kura, ambayo tunaiona kama ndio dawa, ilikuja Kenya kwa vipimo kama dawa ya kikohozi. Baraza la kutunga sheria lilikaa mara ya kwanza mwaka wa 1907, hakuna Mwafrika ndani. Eliud Mathu aliingia mwaka wa 1944, na aliteuliwa na gavana, hakuchaguliwa. Waafrika walipopiga kura mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao, Machi 1957, viti vilikuwa 8 nchi nzima. Na mtu mmoja hakuwa kura moja. Ukiwa na elimu, mali au mshahara mzuri ungeweza kuwa na hadi kura 3. Ukiwa Mkikuyu, Mwembu au Mmeru, kwanza ulihitaji cheti cha kuthibitisha kwamba ulikuwa mtiifu kwa serikali wakati wa hali ya hatari. Yaani waliamua kwanza nani anafaa kuulizwa, halafu ndio wakauliza.

Laini ya shosho

Uhuru tukapata. Twende 1988.

Mwaka huo kwa uteuzi wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa, hakukuwa na karatasi ya kura. Unaenda uwanjani, unasimama nyuma ya mtu wako au picha yake, mnahesabiwa. Mlolongo. Na kulikuwa na sheria ndogo yenye meno: anayepata zaidi ya asilimia 70 ya laini amepita moja kwa moja, hakuna haja ya kura ya siri baadaye.

Shosho alisimama kwa hiyo laini. Hajawahi kusahau. Nilimrekodi kwa simu nikimtengenezea chai, na kila mara akifika hapo anainua kidole.

"Laini yetu ilizunguka madarasa, ikapita jikoni, ikafika kwa choo ya shule," aliniambia. "Ile ingine ungeihesabu ukiwa umekaa. Watu kama wa mazishi ya mtu mbaya."

"Na nani akashinda, shosho?"

"Wewe unafikiria nani?"

"Nyinyi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Jioni redio ikasema ni yule wa mazishi."

Uliza wazee wa kwenu, watakupa hadithi inayofanana. Laini fupi kushinda laini ndefu ndio kumbukumbu ya taifa ya mwaka huo. Viongozi wa kanisa walilia, mawakili walilia. Lakini ungerudia kuhesabu nini? Watu walikuwa wamerudi nyumbani. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Na waliosimamia ni wale wa utawala wa mkoa, ofisi ileile iliyorithi kiti cha DC wa mkoloni na haikubadilisha hata mto. Malalamiko yalizidi mpaka KANU yenyewe ikaachana na mlolongo mwishoni mwa 1990, na Desemba 1991 kile kifungu cha 2A kilichofanya nchi kuwa ya chama kimoja tangu 1982 kikaondolewa.

Kwa hivyo tulihitimisha kwamba kupiga kura hadharani ni ushenzi. Mimi pia niliamini hivyo, mpaka nilipofika Glarus.

Glarus ni jimbo dogo la milimani huko Uswisi, watu kama 40,000 hivi. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Mei, wapiga kura wanakusanyika kwa uwanja mmoja mjini. Hakuna sanduku. Wanainua kadi juu. Na usicheke: mkubwa wa serikali anaangalia kwa macho tu na kusema upande upi ni wengi. Kwa macho! Shosho angalau alihesabiwa.

Kwa karatasi, huo ni mlolongo wenye hali mbaya zaidi. Hadharani, jirani anakuona, mwajiri wako anakuona, na hesabu ni ya kukadiria. Lakini sikiliza kilichotokea Mei 2006. Jimbo lilikuwa na manispaa 25, ndogo ndogo, na serikali ilipendekeza ziunganishwe zibaki 10. Mwananchi mmoja uwanjani akatoa pendekezo lake: mbona 10? Ziwe 3. Watu wakainua kadi. Ikapita. Serikali ilikuja na mpango wake ikarudi nyumbani na mpango wa raia. Waliopinga hawakulala, waliomba jambo lirudishwe, na Novemba 2007 mkutano wa dharura ukaitwa. Watu wakainua kadi tena, na 3 ikasimama. Tangu 2011 Glarus ina manispaa 3.

Mwaka uo huo wa 2007, mkutano uo huo ulishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 16.

Nilikaa na hiyo hadithi siku nyingi. Uwanja ni ule ule, watu wamesimama vile vile, hakuna siri. Mbona Glarus ilishinda serikali na shosho akashindwa na redio?

Nimeona vitu viwili. Cha kwanza, huko mwananchi anaweza kubadilisha swali lenyewe. Halazimishwi kuchagua kati ya ndio na hapana ya mtu mwingine. Anasimama anasema 3, na 3 inakuwa sehemu ya swali. Pia wanatumiwa kijitabu cha mambo yote mapema, wanasoma nyumbani, wanabishana mezani, wanakuja wakijua. Cha pili, anayekadiria zile kadi hana jibu lililoandikwa tayari mfukoni. Mwaka wa 1988 jibu lilikuwa limeandikwa kabla shosho hajavaa viatu.

Na hapa pia nisiwauzie Ulaya ya dhahabu. Wanawake wa Glarus waliruhusiwa kuinua mkono kwa mambo ya jimbo mwaka wa 1971 tu. Jirani yao Appenzell Innerrhoden, wanaume waliendelea kukataa mpaka mahakama kuu ya nchi ikawalazimisha mwaka wa 1990. Shosho alikuwa amepiga kura za wabunge zaidi ya miaka 20 kabla. Hakuna mtu aliye na somo kamili hapa.

Soda na oboli

Turudi kwa ile soda, kwa sababu imenisumbua kuliko ada.

Watu hunitania, "Si ulikula mandazi? Nyamaza." Kama vile nilinunuliwa. Nikadhani kulipa watu kuhudhuria mkutano ni aibu yetu sisi. Halafu nikasoma Athens.

Athens, karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, ndio watu hutaja wakitaka kuonyesha demokrasia imetoka wapi. Baada ya mageuzi ya Cleisthenes, mwaka wa 508 hivi, raia walikuwa wakikutana kwa kilima kinachoitwa Pnyx, na maamuzi mengine yalihitaji watu 6,000 wawepo. Mpiga mbiu alikuwa anauliza nani anataka kuongea, na raia yeyote angepanda. Ajenda ilitayarishwa na baraza la watu 500, na hao 500 hawakuchaguliwa kwa kampeni na matisheti. Walitolewa kwa bahati nasibu, 50 kutoka kila mojawapo ya makabila 10, mwaka mmoja mmoja, na mtu hakuruhusiwa kukaa zaidi ya mara 2 maisha yake yote.

Na walilipwa. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 4, ukihudhuria mkutano ulipewa oboli 1, ikapanda hadi 2, halafu 3. Hesabu yao ilikuwa rahisi: maskini akiacha kazi kuja mkutanoni, nani atalisha watoto wake jioni? Usipomlipa, mkutano utakuwa wa matajiri pekee. Nilimfikiria mathe. Siku ya ule mkutano wa wadi alifunga kibanda kuanzia saa tatu hadi saa nane. Hiyo ni hasara. Soda haikuwa hongo, ilikuwa ndogo kuliko deni.

Tofauti iko mahali pengine. Mwathens alichukua oboli zake akapiga kura, na kura ikawa sheria. Sisi tulichukua soda na kutia sahihi, na sahihi ikawa ushahidi wa kutufunga mdomo.

Kuna jambo lingine la Athens ningependa kuiba nilete hapa bila aibu. Kila afisa akimaliza mwaka wake alikaguliwa. Analeta hesabu ya pesa alizoshika, na raia yeyote angeweza kujitokeza na malalamiko dhidi yake. Hakuna kumaliza muhula na kupotelea kwa shamba. Gadaa ina kikomo cha miaka 8, Athens ilikuwa na hesabu ya mwisho wa mwaka. Jamii mbili ambazo hazikuwahi kukutana, zote zilijua kwamba kiongozi asiyengoja siku ya kuulizwa ataacha kusikia.

Na ndio, wanawake hawakuwa na sauti Athens. Watumwa hawakuwa. Wageni walioishi huko miaka na miaka wakilipa kodi hawakuwa. Walikuwa demokrasia ya wachache waliojiita watu wote.

Sasa sisi

Mtu akiniuliza kama Kenya tuna ushirikishwaji wa umma, jibu la karatasi ni ndio, na ni ndio kubwa. Katiba ya 27 Agosti 2010 inaanza kwa kusema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji kama mojawapo ya maadili ya taifa. Cha 118 kinalipa Bunge wajibu huo, cha 196 mabunge ya kaunti, cha 201 mambo ya pesa za umma. Nchi nyingi zingetamani.

Na hayo maneno yana meno wakati mwingine. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilitupa Sheria ya Fedha ya 2023 yote. Moja ya mambo yaliyobishaniwa ilikuwa kama Bunge lina wajibu wa kueleza kwa nini limekubali au kukataa maoni ya watu. Lakini Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikageuza uamuzi, na sheria ikasimama.

Katikati ya hizo tarehe kuna 25 Juni 2024. Mnajua. Mswada wa Fedha ulikuwa umepitia ushirikishwaji, kamati ilipokea maoni, vitabu vya mahudhurio vilijazwa. Siku hiyo Bunge likaupitisha, vijana wakaingia barabarani mpaka ndani ya Bunge, watu wakauawa, na kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Sitaki kuifanya hiyo siku iwe wimbo mtamu. Wenzetu wako kaburini. Ila sitakubali pia mtu aniambie vijana walikataa njia ya mazungumzo. Njia ya mazungumzo ilitumika. Jibu lilipotelea ukumbini, ndio likatafutwa barabarani. Kila jibu lisiloandikwa kwa ripoti litaandikwa mahali pengine, na bei yake huko ni kubwa.

Kuna watu watasema, na wana hoja: wewe nambari 17, mlikuwa watu 40 hivi kwa ukumbi. Kaunti ina maelfu. Mlichagua mwakilishi wadi, aamue. Na pengine hizo shilingi 20 za juu ndizo zitajenga vyoo na kuweka taa, ambavyo mathe mwenyewe amevililia miaka mingi.

Nakubali karibu yote. Watu 40 hawapaswi kuamulia kaunti nzima. Hatuwezi kuwa Glarus, na nchi ya watu milioni 47 kwa sensa ya 2019 haitoshi chini ya mti mmoja. Tunahitaji wawakilishi. Sidai kwamba nikisema hapana basi iwe hapana.

Nadai kitu kidogo zaidi. Nataka ile ripoti iseme kwamba nilisema hapana. Nataka mstari mmoja: wananchi walipinga kwa sababu hizi, sisi tumeendelea kwa sababu hizi. Basi. Hapo nitaweza kubishana na sababu zako, nitaenda nazo mahakamani au nitazikumbuka siku ya kura. Ukichukua hapana yangu ukaihesabu kama hudhurio, umenirudisha kwa baraza la chifu. Umenirudisha kwa laini ya shosho.

Siku ya 9

Baada ya kusoma haya yote nilirudi kwa ile ofisi. Nilienda na barua mbili zinazofanana, moja yao, moja yangu ya kugongwa muhuri. Naomba ripoti nzima na kumbukumbu za maneno yaliyosemwa ukumbini. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki hiyo, na sheria ya mwaka wa 2016 ya kupata habari inawapa siku 21 kunijibu. Yule kijana wa ofisi aliisoma mara mbili. Akaniangalia, akaangalia mlango wa mkubwa wake, akagonga muhuri.

Nikamwona vizuri siku hiyo. Yeye pia anamwogopa mtu. Shida ni kwamba mtu huyo si mathe.

Ukiitwa kwa ukumbi wa wadi yenu, nenda. Usisuse, kiti kitupu ndicho wanachopenda zaidi. Uliza kabla ya mkutano kuanza ni nani anaandika maneno yetu na tutayaona lini. Piga picha ukurasa kabla ya kitabu kuondoka. Na kando ya sahihi yako, kwa herufi kubwa, andika ulichosema: NAPINGA, au NAKUBALI, kama kweli unakubali. Wino ni wako. Kunywa soda pia, umeilipia.

Mathe bado analipa 50. Leo ni siku ya 9.